Gego la Mwisho na Simu za Alasiri

Karatasi niliyopewa na daktari wa meno ilikuwa imetolewa kivuli mara nyingi mno, nusu ya herufi zake hazisomeki. Kichwa cha habari ndicho kilichosalia kizima: Namna ya kupona kwa raha baada ya kung'olewa gego. Nilikisoma nikiwa kwenye benchi la korido, nikacheka kwa pua, maana mdomo wangu ulikuwa umejaa pamba. Miaka kumi na moja nimezunguka mkoa huu wa Simiyu nikiwahubiria watu habari za pamba, ipandwe lini, ipuliziwe lini, ichumwe vipi. Siku hiyo pamba yenyewe ilikuja kuninyamazisha.

Mimi ni bwana shamba. Cheo changu cha ofisini ni kirefu kuliko hicho, lakini hakuna anayekitumia. Nilitoka Kondoa na begi moja na barua ya ajira, nikapanga chumba na sebule hapa Somanda, mjini Bariadi, nikajiambia nitakaa miaka miwili kisha niombe uhamisho. Uhamisho nimeomba mara tatu. Mke niliyekuwa naye alichoka kunisubiri akaenda zake, na simlaumu, au namlaumu siku za Jumapili tu, nikiwa sina kazi ya kufanya.

Kondoa nilibakiwa na dada na mama. Mimi ni kitinda mimba. Macho ya mama yalizimika kwa presha ya macho kabla sijahamia huku, na miaka ya karibuni kumbukumbu nayo ikaanza kumtoka. Kwanza alisahau majirani, halafu wajukuu, halafu akaanza kumwita dada yangu, anayemwogesha na kumlisha kila siku, "wewe binti." Mimi hakunisahau. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilimpigia simu, dada akamwekea sikioni, nami nikisema tu "Shikamoo mama," alijibu papo hapo, "Marahaba, kitinda mimba wangu." Dada alikuwa anaumia, nadhani. Mimi nilijidai kimoyomoyo. Ni aibu kusema, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Tulizungumza Kirangi, hapa nakiandika kwa Kiswahili. Maswali yake yalikuwa matatu na hayakubadilika. Umekula nini? Mvua imenyesha? Umeswali? Mwishoni tulisoma Alhamdu pamoja. Mama alikuwa mwalimu wa chuo, na nusu ya watu wazima wa mtaa wetu walijifunza kusoma Kurani kwenye mkeka wake, mimi nikiwemo. Hakuacha ualimu hata alipoacha kila kitu kingine. Nikivuta herufi pasipo mahali pake, alinikatisha: "Rudia." Nikarudia, mtu mzima na ndevu zangu, nimeegemea pikipiki ya ofisi huko Lalago, wachungaji wakipita na ng'ombe wao na kunitazama.

Daktari aliyekuwa akimtibu alimwambia dada kwamba mtu wa hali ile huweza kushikilia kitu kimoja tu, kikimponyoka hicho hakuna kingine cha kushika. Mama alishikilia sauti yangu. Dada alinieleza hayo kwa simu, akaongeza, "Usiache hata siku moja. Ukiacha, mimi sijui itakuwaje." Kwa hiyo nilijua. Sitaki mtu anihurumie kwamba sikujua. Nikiwa Bukundi, ambako mtandao ni wa kuombea dua, niliwaacha wakulima katikati ya mkutano, nikaendesha pikipiki mpaka pale simu iliposhika, nikapiga, nikarudi. Walizoea. Walisema Bwana Shamba ana mchumba.

Gego lilianza kunisumbua kwenye barabara hiyohiyo ya Bukundi. Lilikuwa la mwisho kabisa, chini kushoto, limelala ubavu badala ya kusimama kama wenzake. Kila shimo la barabara lilinipanda mpaka sikioni. Nililidanganya kwa karafuu, nikalidanganya kwa vidonge, likakubali kudanganywa msimu mzima wa kupanda. Likizo yangu ilikuwa imekaribia, nami nikapanga ning'oe kwanza, nipone, ndipo niende Kondoa. Nilitaka mama anikute mzima.

Dada alikataa. "Njoo hivyohivyo. Jino utang'olea huku, mimi nitakupikia uji."

"Niende kumwuguza mama au niende kuuguzwa?" nilimjibu. Nilikuwa na kiburi cha mtu anayepanga mambo yake vizuri.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana, mgeni wa mkoa huu kama mimi, ana mikono myepesi na tabia ya kuniita "mzee wangu" iliyoniudhi kuliko sindano. Alikata fizi, akalivunja gego vipande viwili, akashona. Kisha akanisomea ile karatasi mstari kwa mstari, maana alijua haisomeki. Ng'ata pamba. Usiteme mate, meza. Usinywe kwa mrija. Weka barafu shavuni. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili. Kula vitu laini vilivyopoa. Usizungumze sana. Usisukutue kabisa leo. Kesho maji ya chumvi, uyaache yazunguke yenyewe, usiyasukesuke.

"Damu itaganda kwenye tundu," alisema. "Hiyo ndiyo plasta yako, mzee wangu. Ukiing'oa hiyo, mfupa unabaki wazi, na utanitafuta."

Niliitikia kwa kichwa. Nilimwelewa vizuri kabisa.

Mama mwenye nyumba wangu ni mjane wa Kisukuma anayeuza maziwa na barafu za mfuko hapo nje ya geti. Alinipokea kama maiti iliyorudi. Alinipangia mito, akaleta maziwa mgando, akaleta uji wa mtama uliopoa, na jioni michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, aliyoipika mpaka ikalainika, akaiponda na karanga. Barafu tupu hakuwa nayo, ikabidi anifungie ya ubuyu kwenye khanga. Nikakaa kitandani shavu langu likidondosha maji mekundu ya ubuyu, nikapata raha yote iliyoahidiwa kwenye karatasi.

"Mwadila, Bwana Shamba," alinisalimu akiingia. Nikainua mkono. Yeye hawezi kuanza maneno salamu haijajibiwa, amelelewa hivyo. Alisimama mlangoni akasubiri. Nilipomwonyesha mdomo, akatikisa kichwa. "Mhola," akajijibu mwenyewe. "Haya, nimekujibia." Halafu akauliza jino lenyewe nimeliacha wapi. Nikamwandikia kwenye simu kwamba nimeliacha hospitali. Hakupenda. Alisema kitu cha mwilini mwa mtu hakiachwi ovyo, na akatoka akinung'unika Kisukuma.

Ganzi ilikuwa imekwisha. Taya lilikuwa limekaza, kidole kimoja tu ndicho kingeweza kupita katikati ya meno. Nilikuwa nimelala adhuhuri yote, na nilipoamka saa ya simu ilikuwa imefika. Sijawahi kuipita. Sikungoja hata kuswali, nikapiga.

"Shikamoo mama," nilisema. Nilichokisikia mimi mwenyewe kilikuwa mngurumo wa mtu aliyejifunika blanketi.

Mama akauliza, "Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

Nikamtajia jina langu. Likatoka nusu. Nikamwambia nimeng'olewa jino, nikasikia maneno yakigongana na uvimbe na kurudi ndani. Mama alisema pembeni, si kwangu, "Wewe binti, kuna mtu huku. Mwambie akate. Mwanangu anapiga saa hizi, atakuta simu inatumika."

Nilishikwa na hofu ambayo sijui niilinganishe na nini. Nikafikiri, nisome. Sauti atakuwa hajaijua, lakini kisomo atakijua. Nikaanza Alhamdu. Midomo haikukutana, ulimi ulikuwa mzito, herufi zote za kooni zikatoka donge moja. Mama alinisikiliza mpaka aya ya tatu.

"Huyu hajafundishwa," alisema.

Dada alichukua simu. "Pumzika. Tutajaribu kesho." Nyuma yake nilimsikia mama akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbona leo hapigi.

Nikainuka kwenda kuswali. Nilitaka kumwomba Mungu jambo moja tu. Nilikwenda bombani uani, nikakunja mikono ya shati, na mimi nikiwa na hofu viungo vyangu hufanya vilivyozoea. Nikaosha viganja mara tatu. Nikachota maji nikasukutua mara tatu kama nilivyofundishwa utotoni, maji yafike pande zote, uyatikise, uyateme kwa nguvu. Mara ya tatu maji yalitoka na pande jeusi la damu, laini kama kipande cha ini, likaangukia kwenye saruji. Nikalitazama. Halafu nikamaliza udhu, maana sikujua la kufanya jingine, nikaenda kuswali na ladha ya chuma mdomoni.

Mama mwenye nyumba alikuwa anaosha madebe ya maziwa. "Bwana Shamba, si umekatazwa kusukutua?"

Yeye ni mtu wa kanisani, nikamwonyesha kwa mikono kwamba ni mambo ya swala.

"Mungu wenu hawezi kukuruhusu siku moja?"

Angeweza. Alisharuhusu. Faradhi za udhu ni sita, na kusukutua hakumo. Ni sunna, ukiiacha udhu wako ni mzima. Hilo nililijua tangu nina miaka saba, nikizihesabu kwa vidole mbele ya wenzangu bila kukosea, na aliyenihesabisha ni mama. Alikuwa na fimbo ndogo ya mpera ambayo hakumpigia mtu, aliigonga mkekani tu. Sita, alisema. Usiongeze, usipunguze.

Siku ya tatu mfupa ulianza kusema. Maumivu ya awali yalikuwa mchezo; haya yalitoka tayani yakapanda sikioni, yakaenda mpaka nyuma ya jicho, na kinywa kikanuka mpaka nikajikimbia mwenyewe. Nilirudi hospitali. Daktari alichungulia, akakaa kitako.

"Ulisukutua?"

Niliitikia.

"Siku ileile?"

Niliitikia. Nilitegemea anigombeze, ningepata mtu wa kukasirikia. Hakunigombeza. Alisafisha tundu, akalijaza dawa yenye harufu ya karafuu, akaniambia nirudi baada ya siku mbili, na tena baada ya siku mbili, na kwamba taya litachelewa kufunguka. "Hakuna njia ya mkato, mzee wangu. Tunasubiri tu." Nikarudi kwenye mito yangu miwili.

Nilipiga simu kila alasiri. Nilijizoeza kwanza, nikisema shikamoo ukutani mara kumi, ishirini, mpaka nikiona imenyooka kidogo. Haikuwa imenyooka. Siku ya tano mama alianza kumwogopa yule mtu anayenguruma. Dada alimweleza ni mimi, ni jino, ni uvimbe. Mama alimjibu kwamba mwanawe anamjua, hawezi kuletewa mwingine.

Dada naye alihangaika. Alitafuta kwenye simu yake akapata ujumbe wa sauti niliowahi kumtumia zamani, nikimwuliza habari za mbolea ya mahindi ya shambani kwetu. Akamwekea mama sikioni. Mama akachangamka. Akaitikia, akauliza nimekula nini. Ile sauti ikaendelea kuuliza habari za mbolea. Akauliza kama mvua imenyesha. Ile sauti ikakoma. Dada anasema mama alikaa na simu sikioni muda mrefu, akisubiri nimjibu, kisha akaanza kulia taratibu.

"Usipige kwanza," dada aliniambia siku iliyofuata. "Ukipiga wewe anaogopa, nikimwekea ile analia. Subiri upone."

Nikasubiri. Nililala kichwa kikiwa juu. Nilikunywa maziwa mgando na kumeza mate yangu. Niliacha maji ya chumvi yazunguke yenyewe. Kila kitu kwenye ile karatasi nilikifanya, sasa ambapo hakikuwa na faida tena. Mama mwenye nyumba aliniletea chakula mara tatu kwa siku, akajisalimia na kujijibu mlangoni, na siku moja aliponikuta nimeegemea ukuta nikiitazama simu alikaa kwenye kigoda akaniuliza nini hasa. Nikamwambia kwa shida, kwa maneno machache. Alisikiliza.

"Mama yangu alinisahau mwaka mzima kabla hajafa," alisema. "Nilikuwa namkamulia maziwa, ananiambia wabeja, mama. Ananishukuru kama jirani." Akanyanyua bakuli. "Kula. Michembe ikipoa sana inashika."

Nilimchukia kidogo kwa kusema vile. Alikuwa ameniambia kitakachotokea na mimi sikuwa nimemwuliza.

Ilipita wiki ya pili, ikaingia ya tatu. Taya lilifunguka asubuhi moja nikipiga miayo. Nilikaa kitandani nikasoma Alhamdu peke yangu, kwa sauti, ikatoka safi, kila herufi mahali pake. Sikumbuki siku niliyoisoma vizuri kuliko siku hiyo. Nikasubiri alasiri. Nikaswali kwanza, safari hii. Nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema mama kwa adabu. "Nani mwenzangu?"

"Kitinda mimba wako."

"Aa." Alifikiri. "Wangu aliacha kupiga."

Hakuwa na hasira wala huzuni. Alinieleza jambo lililokwisha, akamrudishia dada simu kwa kuwa uji wake ulikuwa unapoa.

Nilikwenda Kondoa nilipopewa likizo, kupitia Shinyanga na Singida. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uleule. Nilipiga goti, nikamshika mikono, nikaiweka usoni mwangu. Alinipapasa paji la uso, pua, ndevu, akashika mashavu yote mawili. La kushoto lilikuwa limeshanywea, huwezi kujua lilikuwa na nini. Akauliza nimetoka mbali? Nikasema Bariadi. Akasema pole na safari, akamwambia yule binti amletee mgeni maji. Nilikaa siku kumi na nane. Kila siku nilikuwa nimefika leo.

Dada alikuwa akipepeta mchele siku aliyoniambia si kosa langu. "Siku hiyo ingefika tu. Kama si jino lingekuwa jambo jingine."

Labda. Daktari wa mama naye alisema hivyo. Nimejaribu kukaa na neno hilo, labda, na kuna siku linakalika. Lakini najua kwamba mpaka siku ile mama alikuwa akimsubiri mwanawe, na taya lilipofunguka hakunijua tena, na katikati yake kuna mimi nimeinama bombani nikifanya sunna. Uhamisho sijaomba tena. Niombe niende wapi?

Bado napiga simu kila alasiri. Dada aliniambia si lazima, nikaona ni lazima. Mama hamwogopi tena mtu wa alasiri, kwa kuwa sauti imenyooka. Ananiita "bwana wa Bariadi" na ananiuliza habari za ng'ombe wa huku, jambo ambalo hakuwahi kuniuliza nikiwa mwanawe. Haniulizi tena nimekula nini. Jana nilikuwa Bukundi. Nilitoka mkutanoni, nikaendesha mpaka pale mtandao unaposhika, nikazima pikipiki. Tulizungumza kidogo habari za malisho. Kisha, sijui kwa nini, maana nilikuwa nimeacha kujaribu, nikamwuliza kama naweza kumsomea Alhamdu.

"Soma," alisema.

Nilisoma. Mama alisoma pamoja nami kwa sauti ya chini, hakuruka hata neno moja. Hakunikatisha popote. Tukaitikia amina.

"Umesoma vizuri," alisema. "Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Alikufundisha vizuri. Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi usimwache," mama alisema. "Mpigie simu. Mimi wangu aliacha."

Nikamwambia nitampigia kesho, baada ya alasiri.